Baiti Thelathini na Mbili

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
na Leelo Kangur, koti bado begani,
anasoma batli ya usiku wa kuamkia leo
mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele.

Mstari wa elfu nne na kumi na saba, chuya:
ufunguo wote, uchi,
baiti thelathini na mbili zimejipanga
kati ya saa na jina la seva.
Ndio uliofunga majalada ya wagonjwa wa mapafu,
ndio huohuo unaoyafungua,
mmoja kwa kwenda na kurudi.
Aliyeuona amekwisha ingia.

"Nani kaandika hii?"
Uso wa Taavet ukajibu kabla ya mdomo.
Aliuhifadhi kama maandishi tu,
sawa na jina la mtaa au nambari ya simu.
Programu ilipoanguka saa tisa usiku
ikaambiwa itaje ilichoshika mkononi,
nayo, mtoto mwaminifu, ikataja.

Leelo hakufoka. Akavuta kiti.
"Maandishi hayafutiki, Taavet.
Ukiyabadili, yanazaa mengine; ya kwanza yanabaki
yamelala kwenye kumbukumbu, hujui chumba gani,
hadi mfagiaji apite, naye hana ratiba."

Wakaunda klasi, wakaiita Ufunguo.
Mlango wa kuingilia mmoja, nao unahesabu:
thelathini na mbili, thelathini na moja rudi kwenu.
Unachopewa, nakili,
asije aliyekupa akakigeuza ukiwa umelala.

Ukiulizwa u nani, sema "Ufunguo," kisha kimya.
Ukilinganishwa na mwenzio
pima baiti zote hadi ya mwisho
hata kama ya kwanza imekwisha kukataa:
kuna anayesikiliza nje, ana saa mkononi,
na haraka yako itamwambia ulipokwama.
Usikubali kufungashwa ukasafirishwa.
Usizae pacha.
Na ufunguo wa kufumba usitie muhuri;
hizo ni klasi mbili, wacha kompaila igombe
kabla hatujagombana sisi.

"Sasa nikizihitaji baiti, nitazipataje?"
"Huzipati. Upelekee kazi.
Upe jalada, ukurudishie fumbo."

Mwisho wakaandika kifo chake: sifuri, sifuri, sifuri,
juu ya kila baiti.
"Umekufa kabisa?"
Leelo akatazama dirisha.
"Pengine mashine ilikwisha uhamisha, ikaacha kivuli.
Tunapunguza, mwanangu. Hatumalizi."

Siku nzima majalada yakafumbuliwa kwa ufunguo wa zamani,
yakafumbwa kwa mpya. Chai ikapoa mara mbili.

Jioni Leelo aliondoka, akasahau mezani
funguo za nyumbani kwake, na kibandiko cha manjano
chenye mtaa, nambari, ghorofa ya tatu kushoto,
kwa mwandiko wake mwenyewe.

Taavet alimkimbilia hadi kwenye ngazi.
Kibandiko alikwisha kikata.