Dakika Tatu

Mikono juu, Bi Elspeth, kama uliyeelekezewa bunduki,
viwiko vikunjwe, viganja vinitazame.
Fumba. Fumbua. Fumba.
Saa ya ukutani inatudai dakika tatu.

Miaka ishirini na sita amepaka rangi dari za Dundee,
kumbi za shule, ngazi za majumba ya mawe,
kisogo nyuma, brashi juu, matone kwenye miwani.
Sasa kidole cha mwisho kinakufa ganzi usiku,
na cha pete kinakifuata
kama ndugu asiyetaka kubaki nyumbani.
Wiki hii kikombe kimemponyoka.
"Kile cha mama," anasema,
halafu hasemi tena.

Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza
pana uchochoro. Neva hupita humo ubavuubavu,
pamoja na damu.

Geuza uso huku. Vuta pumzi. Izuie.
Vidole vyangu viwili juu ya kifundo chake:
du, du, du,

kimya.

Nikaandika: *Chanya.*
Kalamu ilifurahi kuliko mgonjwa.

Mchana, kabla sijafungua chakula,
nikageuza uso dirishani, ukungu umeumeza mto wote wa Tay,
nikavuta pumzi, nikajishika.
Kimya.
Mimi, nisiyeumwa hata ukucha!
Nikamwita Fergus, mnyanyua vyuma, shingo kama gogo.
Kimya.
Shazia wa mapokezi akacheka, akavuta pumzi,
akanyamaza mkononi mwangu naye.

Penye moshi hapakosi moto, ndivyo nilivyokuzwa.
Lakini jikoni kwangu, kule Lochee, pana king'ora
kinachoulilia mkate uliobabuka pembe
kwa sauti ile ile ambayo kingeililia nyumba.
Sijakitupa.
Ila kikilia, hutazama kwanza kibaniko.

Shahidi anayewatambua wote waliopangwa mstarini
hajamtambua mtu.

Aliporudi Alhamisi sikumshika kifundo kwanza.
Nilimuuliza: huanzia wapi? Ukiwa unafanya nini?
Na alipoinua tena mikono, sikuhesabu mapigo,
nilisubiri aniambie kama ni *yale yale*,
maumivu yake mwenyewe, si ya kitabu changu.
Dakika ya pili akasema: "Ndiyo. Haya nayajua."

Nikaikata ile *Chanya* kwa mstari mmoja,
nikaandika: *Huenda. Tuendelee kutafuta.*
Nikamsomea, nikiona haya kidogo.

"Miaka miwili wananiambia hakuna kitu," akasema.
"Huenda ni nyingi."
Kisha, mikono bado hewani,
akaikazia macho dari yetu:
"Aliyepaka hii aliruka kona."