Bi Tatu Hana Matanga

Programu ilimwita Mgonjwa Namba Tatu.
Sisi, kwa uvivu wa ulimi, tukamwita Bi Tatu,
na jina likamkaa kama kanga ya kuazima.
Makazi yake Upanga, chumba cha kompyuta, ghorofa ya chini,
ambako kiyoyozi kinadondokea ndoo
na pazia limefungwa kwa mpira wa dripu.
Hupepesa macho kila baada ya sekunde nne.
Nilihesabu.

Mara ya kwanza nilimwua kwa haraka.
Uzito, kilo arobaini na sita. Kikohozi, ndiyo.
Jasho la usiku sikuliulizia:
nilitaka kumaliza kabla ya Lutengano,
yeye ambaye humaliza kila kitu kabla ya watu.
Nikamwandikia vidonge, nikabofya "Miezi sita mbele".
Kifua kikuu hakikungoja hata miwili.

Mara ya pili alilalamika kichwa.
Nikampa panadoli.
Nyuma yangu Sista Theopista aliguna,
mguno wa mtu aliyefunika nyuso nyingi.

Mara ya tatu nilikuwa nimejifunza.
Kila kipimo, kila dozi, kama mwongozo unavyotaka.
Miezi sita mbele: virusi elfu arobaini na nane.
Nikabadili dawa. Miezi sita tena. Vimepanda.
Nikabadili hadi pakakosekana pa kubadilia,
na Bi Tatu akapepesa, akapepesa,
kisha kioo kikawa kijivu, kikauliza kwa adabu:
Anza upya? Ndiyo. Hapana.

Hakuna aliyetandika mkeka.
Hakuna ubani, hakuna daftari la rambirambi.
Umeme ukakatika, mashine zikalia pii, pii,
na sauti ya Sista ikatoka gizani:
"Ile orodha ya maswali, ulishuka nayo hadi chini?"
Sikuwa nimeshuka.
Chini kabisa, swali la ishirini na tisa,
limekaa peke yake kama mtoto wa kambo:
Nyumbani nani anajua?

*

Jumanne, Temeke.
Benchi limejaa, mtoto analamba kadi ya kliniki,
joto limeketi nasi kama mgeni asiyeaga.
Havijawa Kibwana, miaka thelathini na mmoja,
mkaanga mihogo wa Tandika.
Mkononi ana kovu la mafuta lenye umbo la jani;
Bi Tatu hakuwa na kovu hata moja.
Anameza? Anameza. Kila siku? Kila siku.
Saa ngapi? Saa tatu usiku.
Majibu yamenyooka kuliko rula,
na karatasi ya maabara inasema vingine.

Kalamu ilishagusa kisanduku cha kubadili dawa.
Sijui kwa nini, nikaomba chupa. Nikaitikisa.
Haikulia.

Chupa ya vidonge hulia kama kayamba.
Anayeibeba anatembea na mpiga debe mkobani.
Hii ilikuwa bubu. Nikaifungua: pamba,
imeshindiliwa mpaka shingoni,
na chini yake vidonge, vingi mno kwa tarehe ile.

Nikaishuka orodha kichwani, hadi mwisho.
"Nyumbani nani anajua?"

Hakupepesa. Si sekunde nne, si arobaini.
Nje muuguzi aliita namba, akaiita tena.
"Mama mkwe tunalala naye chumba kimoja," akasema.
"Ana masikio yule.
Hata pamba ikichomolewa, anasikia."

Kidole changu kilitambaa mezani
kikitafuta kitu cha kubofya.
Kilikuta makombo ya mkate na alama ya kikombe.

Basi tukaongea. Alfajiri,
anapofuata mihogo sokoni, nyumba ingali inakoroma.
Vidonge vya siku mbili tatu kwenye pindo la kanga,
pale pale penye chenji.
Sijui kama itatosha. Sikumwambia kwamba sijui.

"Umejuaje?" aliuliza, ameshasimama.
Kufa kufaana, wanasema,
lakini nani humweleza mgonjwa
kwamba ana marehemu wake Upanga,
aliyemzika mara tatu bila kuchafua mikono?

Nikasema, "Rudi baada ya wiki mbili.
Pamba iache humo humo."