Nafasi ya Jina Moja

Jina lake Senga: Agnesi iliyogeuzwa
na wazazi wake, ikaanzia mkiani.
Pengine ndiyo sababu alisoma bila kusita
herufi za risasi zilizolala kinyume
juu ya jiwe, chumba cha kupangia chapa,
Dundee, Jumamosi, saa kumi na moja kasorobo,
miwani nchani mwa pua, penseli sikioni.

Kugusa hakuruhusiwi. Sheria ya chama:
mhariri aonyeshe, mpanga chapa ashike.
Basi akawa anakata kwa kidole cha hewani,
"Hapa, Tam. Na hapa. Huyu 'shujaa' mtoe,
amekalia kiti cha mtu,"
na Tam Gourlay akichomoa mistari,
akiitupa chunguni iyeyuke, iwe habari nyingine.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba.
Kazi yangu kushika simu na kuandika
anachosema Erchie Dalgarno
kutoka jukwaani Strathbeg, chini ya paa la bati.

Siku hiyo ukungu ulipanda kutoka baharini
kipindi cha pili. Ukala kona, ukala refa,
ukalamba goli la mbali, mwamba na milingoti.
Erchie akanisomea kwa sauti ya mahubiri:
"Kama simba aliyenyimwa kitoweo..."
Nikaandika simba. Nikampelekea Senga simba.
"Kavaa jezi namba ngapi?" akauliza.

Akanipokonya simu.
"Erchie, nani kafunga?"
Kimya. Waya ukikoroma.
"Nilisikia kelele, Senga. Upande ule walilipuka."
"Uliona?"
"Kofia zilirushwa juu. Kofia niliziona."
"Basi niandikie kofia."

Zilibaki dakika nane mtambo uamke.
Wenzetu wa mtaa wa pili wangetia jina,
lolote, la mshambuliaji, nani angebisha?
Mimi mwenyewe nilinong'ona: "Weka Lorimer,
Jumamosi tatu hakuna afungaye ila yeye."
Akanitazama jinsi alivyozoea kutazama
koma iliyoketi mahali pa nukta.

Ukurasa ukatoka na pengo.
Strathbeg 1, Carnegate 0, na pale pa mfungaji
upana wa jina moja, weupe mtupu,
chini yake: Ukungu. Mwandishi wetu aliona kofia.

Mji ulicheka hadi Jumapili jioni.
Mhariri mkuu alifoka mpaka shingo ikawa nyekundu:
"Tunauza wino! Hatuuzi weupe!"

Jumatatu wakaja wenye bao.
Lorimer kwanza, tai shingoni, akaapa ni kichwa chake;
kisha Yuill wa winga, akaapa ni guu la kushoto.
Senga akawaandika wote wawili, akawapa chai.
Hakuna aliyetiliwa sukari.

Karibu na kufunga ofisi akaingia wa tatu,
mrefu, aibu imempinda kama msumari uliokosewa,
beki wa Carnegate. Alikuwa kapanda mabasi mawili.
Struan Pirie. Akavua kofia.
"Ilinigonga goti," akasema. "Hakuna aliyeona.
Ningenyamaza, yangeisha. Ila mke wangu
kafungia samaki kwa gazeti lenu,
na lile pengo likawa linanitazama mezani."

Vijiko vitatu. Nilivihesabu.

Sahihisho lilipangwa usiku ule ule,
ukurasa wa kumi na moja, chini ya bei ya viazi:
Bao la Jumamosi: Pirie, kajifunga. Goti.
Mbele yake nikaongeza neno moja, muungwana,
na Tam akalipanga, kwa kunihurumia.

Senga akasoma kinyume, kulia kwenda kushoto.
Kidole kikasimama hewani.
"Huo uungwana, umeuona?"
"Nimeuona," nikasema. "Kwa macho yangu."
"Na msomaji ana macho."

Tam akalichomoa, akanitilia kiganjani.
Lilikuwa bado lina joto.