Maji ya Chokaa

Maabara yetu, Kitangari, ilikuwa na kufuli,
na ndani yake saruji iliyoganda ya mradi uliokwama.
Sayansi tuliisomea Kidato cha Pili B,
chini ya bati lililotobolewa na misumari,
jua likitumwagia shilingi sakafuni.

Mwalimu Nandonde alizipenda shilingi zile.
"Tundu ni la pembe nne," alisema, "mbona doa ni duara?"
Hakuna aliyejibu.
Siku moja akaziba madirisha kwa magunia ya korosho,
akabakiza tobo moja la kupitisha kidole,
na ukutani mkorosho wa nje ukasimama kichwa chini,
majani yakifagia sakafu, shina likielekea dari,
na mlinzi, Mzee Chitanda, akapita akining'inia
kama popo mwenye baiskeli.
Tulicheka hadi darasa la jirani likagonga ukuta.
"Nuru haijui kona," alisema mwalimu.
Nikaandika. Nilidhani ananisema.

Maana mimi kona nilizijua.
Msimu wa mabibo nilipita nyuma ya nyumba za watu
na ndoo ya uraka chini ya khanga.
Mama alikamua, akavundika, akauza,
na sare, na daftari, na raba zangu za kulia na kushoto
zilitoka kwenye povu lile.
Shuleni nilisema mama ni mkulima.
Swaumu wa dawati la nyuma alininusa, akanyamaza.
Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Ikaja Jumanne ya chokaa.
Mwalimu aliileta toka Mikindani, matumbawe yaliyochomwa,
akayamwagia maji, yakachemka bila moto,
yakalala usiku kucha, akayachuja kwa kipande cha shuka.
Asubuhi yalikuwa ndani ya chupa ya jemu,
meupe ya kuonana, kama hayajui lolote.
"Puliza," akasema, akatoa mrija wa kalamu.

Akatangulia Mpota, macho mekundu ya salfa,
alikuwa mikoroshoni tangu alfajiri na bomba mgongoni.
Akakohoa, akapuliza, na maji yakawa maziwa.
Akapuliza mtoto wa diwani: maziwa yaleyale.
Nikapuliza mimi.
"Hewa ukaa," alisema mwalimu. "Mmeila sukari, mmeichoma,
huu ndio moshi wake.
Sasa nani ataniletea kinachopumua bila mapafu?"

Swaumu akataja jani. Mtu akataja funza.
Mkono wangu ulinyanyuka kabla sijautuma.

Kesho yake nilikuja na dumu la lita tano
na mpira wa dripu niliouokota zahanati.
Tukaubana mdomoni, ncha tukaizamisha kwenye chokaa.
Povu moja. Kimya. Povu jingine.
Darasa zima shingo mbele, pua zikijua ni nini,
na hakuna aliyecheka.
Polepole, polepole kuliko Mpota,
maji yakafanya ukungu, kisha yakawa meupe.

"Humo mna viumbe wadogo kuliko nukta," alisema mwalimu,
"wanakula bibo gizani, oksijeni hawaitaki."
Akachora mshale ubaoni: kushoto sukari,
kulia pombe na pumzi.
Kisha akageuka, chaki mkononi, kama anayeuliza bei:
"Siku ngapi, Somoe?"
"Mbili kukiwa na joto. Umande ukizidi, tatu."
Akaandika. Siku mbili. Siku tatu.
Maneno ya mama yangu ubaoni,
wenzangu wakiyanakili.

Mtihani ulipokuja uliuliza habari za zabibu.
Niliandika bibo. Sijui msahihishaji alifanya nini.

Jioni ya siku ile nilikuwa nimemkuta mama uani,
viganja vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Nikamwambia: mama, uraka unapumua,
tumeuona leo kwa macho.
Hakuinua kichwa.
"Kaza kifuniko uone," alisema. "Dumu linapasuka.
Nisogezee hiyo ndoo."