Daraja la Saa Tano

Dada yangu Nasra aliniuliza akikunja nguo:
"Hulipwi. Hushibi. Macho mekundu kama ya mchoma mkaa.
Humo kwenye simu kuna nini?"

Nikataka kumwambia: kuna daraja.
Daraja la mawe, na sisi wanne tunalilinda
kila usiku, saa tano kamili,
dhidi ya watu wanaotaka kuvuka.
Nikaona litasikika la kipuuzi
kwa mtu anayeamka saa kumi kukanda chapati za kuuza.

Nikasema: kuna zawadi.
Uongo. Machi walinipa kofia ya dhahabu,
nikaivaa siku mbili, ya tatu nimeshaisahau
kama sare ya harusi ya mtu baki.

Nikasema: kuna kupanda ngazi.
Hilo nalo nusu tu. Ngazi unaipanda,
halafu wenye mchezo wanaongeza vidato juu yake
usiku, sisi tukiwa tumelala.

Basi nikanyamaza, nikarudi kwenye zipu.
Kutwa nashona zipu, Magomeni Mapipa,
sketi za shule, buluu, buluu, buluu,
na mteja akifika neno lake ni "Fundi, bado?"
Hajawahi mtu kuniambia,
"Fundi, nilindie mgongo."

Humo wananiambia.
Ananiambia Chuma Chakavu, muuza dawa wa Segerea,
anayenong'ona ili mgonjwa dirishani asisikie.
Ananiambia Mama Pilipili, mwenye sauti nzito ya kiume;
hatujauliza.
Na Kitunguu, ambaye kila mara hufa wa kwanza
na kila mara hucheka
kama aliyeteleza kwenye povu la sabuni.

Tunashindwa sana, nikiri.
Ila tunashindwa kwa kidogo,
na hicho kidogo ndicho mwiba.
Ukishindwa kwa kingi, unalala.
Ukishindwa kwa kidogo, unageuza mto upande wa pili
na kusema: mara moja tu.

Aprili ile mvua ilipofunga Jangwani
nilikuwa nimepeleka sketi Kariakoo,
maji yakanikuta upande wa Fire.
Askari akavuta kamba. Barabara ikawa ziwa
na jokofu la mtu likapita likielea, mlango wazi.
Tukajibanza chini ya paa la kituo cha mafuta.
Chaji asilimia kumi na moja.
Nyumbani walidhani nimelala kibandani.

Saa tano, ujumbe:
"Uko wapi?"
Maneno mawili. Kutwa nzima
hakuna mwingine aliyeyatuma.

Nikaingia. Tukapanga mstari darajani.
Kitunguu akasema, "Leo mnisamehe, nimelowa chapachapa,
nimekwama hapa Magomeni, nataka kuvuka kwenda Fire."

Nikacheka mpaka mjaza mafuta akanigeukia.
Mtu na mwenzake, huku na huku ya maji yale yale,
tunakesha kulinda daraja lisilokuwepo,
na lililopo halipitiki.

"Washa tochi," nikamwambia, "nikuone."

Akasema ameiwasha.
Ng'ambo, juu ya yale maji meusi,
taa zilikuwa mia, labda mia mbili,
watu wakimulika miguu yao, mabegi, watoto mabegani,
na moja kati ya hizo ilikuwa Kitunguu.
Nikawasha yangu, nikaiinua juu kadiri mkono ulivyofika.
Chaji ikakata.
Daraja likachukuliwa.

Kesho yake, saa tano, nikarudi.
Chuma Chakavu akanung'unika, "Umetuuza, fundi,"
akanong'ona bei ya panadoli kwa mtu,
akaniwekea nafasi yangu ile ile, kushoto, penye nguzo.
Kitunguu akauliza, "Jana uliniona?"
Nikasema, "Nilikuona."

Nasra, najua bado sijakujibu.
Zima taa, ulale.
Mimi bado kidogo.