Bisha Hodi

Ghorofa ya nne, Ngara, saa nane usiku.
Nafula anafungua faili aliloliacha Wairegi
alipohamia benki:
mistari elfu tisa, onyo moja tu,
"Usiguse hapa."

Jana aligusa.
Alinyoosha tarehe kwenye risiti ya maji,
Kayole nzima ikapokea ujumbe wa kukatiwa.
Bi Syombua akapiga simu, sauti imepanda:
"Mwanangu, nimelipa. Mbona mfereji umenuna?"

Usiku huu hatii kiraka.
Anashika mkasi.
Malipo, hama, ukawe na daftari lako.
Ujumbe, panga foleni kama wasaka vitambulisho.
Mita, sema unachokijua,
ya jirani usiyachungulie.
Na kati yao anachomeka fyuzi,
mmoja akiungua wengine wasilale gizani.

Chai imeganda utando.
Alfajiri anaijaribu tarehe ile ile.
Inageuka.
Anasubiri simu. Anasubiri tena.
Kayole kimya, mifereji inatiririka.

Bado mistari elfu sita.
Onyo la Wairegi halifuti, amelizoea
kama kovu la mtu wa nyumbani;
chini yake tu anaongeza:
"Bisha hodi, utajibiwa."