Meza Tena

Julai, Moshi. Masweta mawili, na bado baridi
imenikalia mifupani kama mdai.
"Ni baridi yabisi yako ile ile," anasema daktari,
macho hajayainua kwenye faili,
faili nene, nimelifunga kwa ukanda wa kitenge
nisije nikadondosha miaka tisa ukumbini.

Ugonjwa wangu naujua:
unavyobisha vidoleni alfajiri,
unakopenda kulala.
Huyu si yeye.
Huyu anang'oa nywele, anaziacha kwenye kitana.
Sauti ameikwaruza hadi Aikaeli, mwanangu,
kaniuliza kwenye simu, "Naongea na nani?"

Bibi Anansia wa Kibosho alikuwa na rovu.
Nikiwa mdogo nililipapasa,
laini, likipanda na kushuka kila alipomeza.

Basi leo sikuinuka kitini.
"Nipime tezi," nikasema, kwa sauti hiyo ngeni.
Akaweka vidole shingoni. "Meza."
Nikameza.
Kimya kidogo.
"Meza tena."

Nesi Ndelilio kachukua damu, kichupa kimoja.
Majibu Alhamisi.
Njiani nimenunua chumvi, pakiti mbili.
Nyumbani ipo tele.